Laki Moja na Nusu, na Chupa ya Babu

Mimi sinywi pombe. Nalitanguliza hilo kwa sababu jirani yangu wa geto alinikuta usiku nimekaa kitandani, nasoma lebo ya chupa ya whisky kwa tochi ya simu, na kufikia kesho yake mchana nusu ya Malimbe ilikuwa inajua kwamba dada wa kwaya ameanza. Hajaanza. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Kaka yangu anaoa. Mchumba wake ni wa Sengerema, na kabla ya siku ya posa wakwe walituletea orodha kupitia mshenga. Ng'ombe kumi na wawili, na hao bado wa kujadiliwa. Blanketi la bibi, koti la babu, shuka mbili, jembe. Halafu mwisho kabisa, kwa mwandiko mwingine na kalamu nyingine, mstari mmoja: "Whisky chupa 1, single malt, iwe laini."

Mama aliusoma mstari huo mara mbili, akaikunja karatasi. "Pombe hainunuliwi kwa mkono wangu," akasema, akarudi jikoni. Mama hana ubishi na mtu, lakini kwa pombe hasogei, na ana sababu nitakayoisema mbele. Kaka, ambaye anatengeneza simu Geita na hajui whisky zaidi yangu, akanitumia 150,000 kwa simu na ujumbe mfupi: "Wewe ndiye msomi. Itafute. Isizidi hapo."

Wanachuo wenzangu mnaijua laki moja na nusu. Kwa hesabu ya boom, shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni siku kumi na tano za kula na kulala. Na boom lenyewe wiki ile lilikuwa halijaingia. Kodi ya geto ilikuwa nyuma miezi miwili, na mama mwenye nyumba alikuwa ameacha kuitikia shikamoo yangu. Nikawa natembea na pesa ya whisky kwenye simu huku nakula mihogo ya kuchemsha. Hali hiyo iwekeni akilini, maana ndiyo iliyotaka kuniponza.

Nilianza kwa kuuliza. Kuna kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, alimaliza shahada akakosa ajira, sasa anasimama kaunta kwenye hoteli moja ya Capri Point. Nilimfuata mchana, kabla wateja hawajaja.

"Kwanza," akaniambia, "hilo neno malt lisikutishe. Ni kimea. Bibi yako hakuwahi kutengeneza kimea?"

Alitengeneza. Nimekulia Magu, nimemwona bibi akiloweka ulezi, anaufunika kwa gunia siku mbili tatu mpaka uote vijimizizi vyeupe, anauanika, anausaga. Harufu yake tamu kama mkate unaokaribia kuiva naijua tangu sijaanza shule. Kumbe Waskoti wanafanya hivyohivyo kwa shayiri. Kimea kinatiwa maji ya moto, kinatoa utamu, kinawekwa hamira kinachachuka, halafu ile togwa iliyochachuka inapikwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba, mvuke unapoozwa, unadondoka. Kwa kawaida wanarudia mara mbili. Ikiitwa single malt maana yake ni mbili tu: ni kimea cha shayiri peke yake, na imetoka kiwanda kimoja. Si kwamba imetoka pipa moja, kama nilivyodhani. Nyingi tunazoziona kwenye kaunta za Mwanza ni za kuchanganya: whisky ya kimea kutoka viwanda mbalimbali, imechanganywa na ya nafaka nyingine kama ngano au mahindi. Si mbaya, ila si ile iliyoandikwa kwenye orodha yetu.

"Halafu inalala kwenye pipa la mwaloni," akaendelea, "isipungue miaka mitatu. Ndiyo sheria yao."

Hapo nikamkatiza. "Mwaloni? Huku Kirumba?"

Alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi ni mtoto wa ziwani. Mwaloni kwangu ni soko la samaki la Kirumba, dagaa, kayabo na magunia. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza babu wa watu anataka nini na whisky iliyolazwa kwenye mapipa ya sangara. Kumbe mwaloni ni mti, uleule tunaousoma kwenye Biblia, ambao Ibrahimu alipiga hema karibu nao. Mapipa mengi ni ya mtumba: yaliwahi kukaa bourbon ya Marekani, yakaacha harufu ya vanila na asali, au sherry ya Hispania, ambayo inaacha zabibu kavu. Sehemu kubwa ya ladha, na rangi yake ya asili, vinatoka kwenye hilo pipa. Ila rangi usiiamini sana, maana wanaruhusiwa kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa. Kuna chupa nyeusi kama soda ambayo si nzee hata kidogo.

Nikamuuliza kuhusu "laini". Akasema hilo si neno la sheria, kila muuzaji atakuapia kwamba yake ni laini. Akaweka glasi tatu mbele yangu, kila moja na tone tu la chini ya toti. "Hunywi, lakini pua unayo."

Ya kwanza ilikuwa ya kuchanganya, ya bei ndogo. Ilinichoma puani kama spiriti ya sindano. Ya pili ilitoka kisiwa cha Islay, na hiyo sitaisahau. Huko wanakausha kimea kwa moshi wa udongo mweusi wa majani yaliyooza kwenye matope kwa maelfu ya miaka, wanauchimba na kuuchoma kama kuni. Ilinuka samaki wa kubanikwa na dawa ya kuoshea vidonda, kwa pamoja. "Laphroaig, Ardbeg, Lagavulin," akanitajia. "Wapo wanaozipenda kufa. Lakini mzee akisema laini, ukampelekea hii, ng'ombe wataongezeka." Ya tatu ilitoka Speyside, bonde la mto huko kaskazini mwa Uskoti. Nikainusa, nikaondoa pua, nikarudisha. Ilikuwa na tunda ndani, kama pea, na asali kidogo. Na chini kabisa, sikudanganyi msomaji, nilimkuta bibi na gunia lake la ulezi.

"Nunua Speyside," akasema. "Miaka kumi na miwili inatosha. Ile namba ni umri wa whisky iliyo changa kuliko zote zilizotiwa humo. Usivutwe na kumi na nane. Umri ni gharama, si ulaini. Na usome lebo vizuri: single malt. Ukiona blended malt, hicho ni kimea kitupu kweli, lakini cha viwanda vingi."

Akanitajia tatu zinazopatikana kwetu bila shida: Glenfiddich, Glenlivet na The Singleton, zote za miaka 12, zote asilimia 40. Usiku nikaenda kuzisoma, kama ninavyosomea mtihani, na hapo ndipo nilipokutana na habari iliyonikalisha kitako. Hiyo Glenlivet yenye jina kubwa ilitoka kwenye bonde lililokuwa limejaa wapikaji wa magendo. Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1823 iliyorahisisha leseni, na mwaka 1824 mkulima mmoja wa bonde hilo, George Smith, akachukua ya kwake. Majirani zake waliobaki kwenye magendo walimchukia hivyo kwamba alitembea na bastola mbili kiunoni. Kwa maneno mengine, single malt ni gongo iliyokubali kukaguliwa. Huku kwetu sheria ya mwaka 1966 inayokataza kupika gongo bila leseni inaiita "moshi". Chungu ni kilekile na mvuke ni uleule. Tofauti ni nani anaangalia kinachodondoka, na kama mpikaji ana subira ya kuacha kilale.

Sasa nije kwenye mchongo.

Siku ya tatu nilikuwa mjini nazunguka kulinganisha bei. Kijana mmoja aliyenisikia nikiuliza dukani akanifuata nje. "Dada, Glenfiddich ninayo. Sitini." Akanipeleka kichochoroni, akafungua begi. Chupa ile ya kijani yenye pembe tatu, yenye kulungu. Ninaijua, nimeisoma usiku kucha. Elfu sitini! Dukani nilikotoka ilikuwa 145,000.

Msomaji, nilipiga hesabu haraka kuliko nilivyowahi kupiga kwenye mtihani wowote. Laki na nusu ukitoa sitini ni tisini. Tisini inalipa kodi miezi miwili na inabaki ya mchele. Kaka asingejua. Hakuna mtu ukoo mzima angejua. Babu naye, nilijiambia, ni mzee wa Sengerema, ataona kulungu ataridhika.

Nikamuuliza stempu iko wapi. Juu ya kifuniko palikuwa patupu, na alama ya gundi. "Ilibanduka na ubaridi wa friji," akasema. Whisky kwenye friji. Nikaigeuza chupa, kimiminika kilikuwa kimepita shingo, juu kuliko za dukani. Kaka wa kaunta alikuwa ameshaniambia kwamba kuna watu wanazunguka kununua chupa tupu za whisky kubwa, na kwamba yeye huzikwangua lebo kabla ya kuzitupa. Nilijua nilichoshika. Tusidanganyane, nilijua. Na bado nikamwambia yule kijana, "Nisubiri, naenda kutoa pesa kwa wakala."

Pale kwa wakala kulikuwa na foleni ya watu wanne. Ile foleni ndiyo iliyoniokoa, si uadilifu wangu. Maana ukisimama na huna la kufanya unakumbuka, na mimi nilimkumbuka baba mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyenifundisha baiskeli. Nilikuwa darasa la tano alipokwenda kwenye msiba kijiji cha pili, wakanywa kitu kilicholetwa kwenye galoni. Alirudi akalala. Asubuhi aliamka akauliza kwa nini hatujafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi, jua lilikuwa mpaka kitandani. Watatu walionywa naye tuliwazika wiki ileile. Yeye yupo hai mpaka leo, anakaa chini ya mwembe, anawajua watu kwa hatua zao. Baadaye nilisoma kwamba ni methanoli, pombe ya viwandani, ambayo mtu huitia ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha kwa ladha. Hiyo ndiyo sababu ya mama na karatasi iliyokunjwa.

Sijui ndani ya ile chupa ya kulungu mlikuwa na nini. Pengine mlikuwa na Konyagi na majani ya chai tu, babu angecheka yakaisha. Lakini pale kwenye foleni nilijiona nimempelekea mzee wa watu galoni ile, nimeivalisha lebo, nimepiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Kwa ajili ya tisini elfu. Nikatoka kwenye foleni, nikapita njia nyingine. Nilipanda daladala nikiwa natetemeka, na nilikuwa na hasira pia, maana kodi ilikuwa bado ipo palepale.

Nilinunua kesho yake, duka lenye leseni ukutani na mashine ya risiti. Glenlivet ilikuwa 155,000, imepita bajeti. Glenfiddich 145,000. The Singleton ya Dufftown 125,000. Muuzaji alinipima kwa macho. "Unamnunulia bwana?" Nikamwambia namnunulia babu, akaanza kunisukumia ya kuchanganya ya 95,000: "Hii nayo miaka kumi na miwili, dada, tofauti hakuna." Tofauti ipo, nikamweleza kuanzia kwenye kimea, mpaka mteja mwingine akaacha kununua bia zake akawa anasikiliza. Nilichukua Singleton. Inatoka mji wa Dufftown uleule wa Glenfiddich, haina moshi, na ile elfu ishirini ya tofauti ingeweza kuwa nauli. Kabla ya kulipa nikaikagua stempu. TRA walianza kutumia stempu za kielektroniki kwa pombe kali Januari 2019, na wana programu ya simu inayoitwa Hakiki Stempu. Ni bure. Unaelekeza kamera, inakuletea taarifa za kinywaji. Ikakubali. Chenji ya 25,000 nikamrudishia kaka pamoja na picha ya risiti. Akajibu, "Nauli yenu hiyo."

Siku ya posa tulipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo tungesubiri kivuko, safari hii dakika chache tu tuko ng'ambo. Mimi nilikuwa mbeba kapu. Baba mkubwa na mshenga walitangulia, nikaingia nyuma, nikapiga magoti. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu, mwangaluka."

Mshenga akasema maneno yake, vitu vikatolewa kimoja kimoja. Koti babu alilipokea bila kulitazama. Chupa ilipotoka akanyoosha mkono. Hakusoma jina. Aliigeuza kifuniko juu, akaisogeza jichoni, halafu akaita, "We kijana, lete simu." Mjukuu wake akaja. Akaielekeza simu kwenye stempu, na chumba kizima kikanyamaza. Nilimwona baba mkubwa anameza mate. Mimi moyo ulikuwa unagonga kama mashine ya kusaga, ingawa nilijua jibu. Nilikuwa nafikiria jibu lile lingine, la ile chupa ya sitini.

"Iko sawa, babu."

"Haya," babu akasema, "sasa tuongee ng'ombe."

Ng'ombe walishuka mpaka kumi. Sitasema ni kwa sababu ya whisky, mshenga wetu ana ulimi mtamu.

Baada ya chakula babu aliniita. Aliambiwa mimi ndiye mnunuzi. Akaniuliza bei, nikamwambia ukweli. Akaniuliza kwa nini hii, nikamwambia haina moshi. Akatikisa kichwa, akaanza kunieleza habari ya MV Victoria. Alikuwa fundi wa chumba cha injini miaka mingi. Meli ile, akasema, iliundwa Glasgow huko Uskoti, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaungwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Yeye alipoingia, bado alikuwepo mhandisi mmoja Mskoti, ambaye meli ikitia nanga Mwanza salama alimmiminia kidole kimoja cha whisky na maji kidogo. "Maji usisahau. Yanafungua harufu, yanapunguza ukali. Anayekwambia maji ni uoga hajui."

"Na stempu, babu?"

Akakaa kimya kidogo. "Nimezika wenzangu wawili wa mashine. Ziwa halikuwaua. Waliuawa na galoni."

Akamimina kidogo sana kwa wazee wanne, akatia maji, iliyobaki akaamuru ifungiwe kabatini mpaka siku ya harusi. Glasi yake alinipa kwanza ninuse. "Unasikia nini?"

"Kimea cha bibi yangu."

Akacheka, akainywa.

Kwa wenzangu mnaochangishana chupa boom likiingia, sina mahubiri, kwaya yangu ni ya Jumapili. Nawaomba mambo machache tu. Nunueni penye risiti. Skanini stempu kabla ya kutoa pesa, maana inachukua muda mfupi kuliko kupiga selfie. Kama bajeti ni ndogo, onjeni toti moja kaunta kwanza, kisha mjue kama chupa inawafaa. Na jina kubwa kwa nusu ya bei si bahati. Mtu ameshaikata hiyo bei sehemu, na sehemu yenyewe huijui.

Kodi niliilipa boom lilipoingia, nikiwa nimechelewa na nimegombezwa mbele ya wapangaji. Mama mwenye nyumba sasa anaitikia shikamoo.

Mama yangu hakuuliza lolote kuhusu chupa mpaka jioni tuliyorudi, tukiwa tunachambua dagaa. "Yule mzee," akasema bila kuinua macho, "aliikagua?"

"Aliikagua, mama. Mbele ya watu wote."

Akatupa kichwa cha dagaa pembeni. "Basi huyo binti ametoka kwa watu."